Mo Amin: Chali wa Eastleigh Aliyefanya Dunia Nzima Ione Njaa kwa Kamera Yake

Wasee, wacha nianze na kitu siwezi jivunia.

Mwaka jana pale steji ya Gatitu, nduthi iligongana na pikapu ya kubeba majani ya chai. Jamaa wa nduthi alirushwa hadi ukingo wa lami. Kabla hata vumbi litulie, mimi nilikuwa nishatoa simu. Sikuwa peke yangu, tulikuwa kama watu kumi na tano, kila mtu ameinua mkono juu kama tuko konsati. Mzee mmoja ndiye alipita katikati yetu, akavua koti, akamfunika jamaa, akapiga magoti kwa changarawe akamshika mkono. Halafu akatuangalia. Hakusema kitu.

Jamaa alipona, sai anatembea na chuma kwa mguu. Lakini ile macho ya mzee sijawahi isahau. Na mimi ni msee wa kamera, hiyo ndiyo mboka yangu. Niliachana na chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo nakula kwa kushuti ruracio, harusi na matanga kutoka Gatitu hadi Karatina, na kuandika stori kama hizi. So nikaanza kujiuliza: ni wakati gani picha inasaidia mtu, na ni wakati gani wewe ni mwizi tu mwenye simu?

Hilo swali ndilo lilinirudisha kwa Mohamed Amin. Wengi wenu mlizaliwa baada yake kudedi na jina halisemi kitu kwenu. Tulieni, kwa sababu huyu msee aliishi hilo swali miaka zaidi ya thelathini, na lilimfuata hadi dakika yake ya mwisho.

Mtoto wa reli na kamera ya mtumba

Mohamed Amin, ama Mo venye kila mtu alimuita, alizaliwa tarehe 29 Agosti 1943 hapa hapa Nairobi, Eastleigh. Fathe yake alikuwa Mpunjabi mfanyakazi wa reli. Hakukuwa na chapaa ya kuchezea kwa hiyo keja. Mo akiwa bado mdogo, familia ikahamia Tanganyika, na Dar es Salaam ndipo alipoonjea kamera.

Ya kwanza ilikuwa Box Brownie, kale kasanduku keusi ka Kodak, ya mtumba, shilingi 40. Kwa mtoto wa mfanyakazi wa reli miaka ya hamsini hiyo si pesa ya kuokota. Lakini alipoishika, basi. Akajifunza mwenyewe venye filamu inaoshwa gizani, akaanza kuuzia magazeti picha akiwa bado amevaa yunifomu ya shule. Hakukuwa na chuo, hakukuwa na digrii ya uandishi wa habari. Nawaambia hivyo si kwa sababu nataka muache shule kama mimi, hapana. Ni vile tu mjue alianza na nini.

1963, akiwa na miaka kama 20, akafungua kampuni yake Dar, akaiita Camerapix. Wengine wa umri wake walikuwa wanatafuta kuandikwa. Yeye alijiandika.

Na alikuwa mahali pazuri kwa wakati mbaya. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakalipuka Zanzibar, ng'ambo tu ya maji. Mo akaenda. Picha zake za Unguja zilitoka nje dunia ikiwa haielewi nini kinaendelea pale. Hapo ndipo wakubwa wa London walianza kujua kuna chali fulani Afrika Mashariki ambaye ukimpigia simu usiku, asubuhi ako penye moto uko.

Siku 28 ndani

Lakini kamera ina bei. 1966 Zanzibar ilimkamata. Picha zake za kambi za kijeshi, zenye wakufunzi kutoka nchi za kikomunisti, ziliwaudhi watu. Akatupwa jela ya Kiinua Miguu, siku 28. Aliteswa. Alipotoka alikuwa amekonda vibaya, na Tanzania ikamfukuza kabisa. Mji uliomlea, biashara aliyoanza na mikono yake, akaviacha nyuma akarudi Nairobi.

Mtu mwingine angetafuta mboka ya studio, apige picha za pasipoti, aishi poa. Mo alifungua tena Camerapix Nairobi na kuendelea pale pale alipoachia. Akawa mtu wa Visnews, shirika la London lililokuwa likisambazia vituo vya runinga habari kutoka kila pembe ya dunia. Ukiona habari ya Afrika kwenye runinga ya Ulaya enzi hizo, kulikuwa na uwezekano mkubwa ilipitia kwa bega lake.

Na musidhani ilikuwa kama sai, unashuti na unapandisha mtandaoni ukiwa kwa mat. Filamu ilikuwa mkebe. Unashuti, unakimbia uwanja wa ndege, unahakikisha ule mkebe umeingia kwa ndege ya London kabla ya wa mpinzani wako. Ndege ikikuacha, stori yako ni ya jana. Ndiyo maana wenzake walimwogopa. Alikuwa anabeba kamera za runinga na za picha za mnato kwa pamoja, hadi wakamwita Mo wa kamera sita. Shingo moja, mikanda kama ya punda wa Marikiti.

Jumamosi ya Mboya

Sasa tufike penye panauma. Jumamosi, 5 Julai 1969, Tom Mboya anatoka duka la dawa Government Road, hiyo Moi Avenue ya leo. Risasi. Kama hujui Mboya alikuwa nani, ni hivi: waziri, miaka 38, msee ambaye wengi waliona angeweza kuongoza hii nchi.

Mo alifika dakika chache baadaye. Wenye walikuwa hapo walikuwa wanalia, wanasukumana, madaktari wanajaribu. Mo aliingia hadi ndani ya ambulansi na kamera, na akashuti Mboya akipelekwa hospitali, mtu akipambana kumrudisha.

Hebu simama hapo. Mimi na simu yangu Gatitu, na Mo kwa ile ambulansi, tofauti ni nini? Kwa sekunde hiyo, nikisema ukweli, sioni. Mtu anakufa na wewe umemwekea lenzi. Kuna watu walimchukia Mo kwa hiyo, na siwezi nikasema hawakuwa na haki ya kuchukia.

Lakini angalia kilichofuata. Nchi iliwaka. Uvumi ulikuwa mwingi kuliko hewa, kila kabila na stori yake. Ile filamu ilikuwa kitu hakuna mtu angeweza kukunja: huyu mtu ameuawa mchana, katikati ya tao, mbele ya watu. Uingereza walimpa Mo tuzo ya kameramani wa mwaka kwa kazi hiyo. Tuzo kwa kifo cha Mboya. Sijui kama alilala vizuri siku aliyoipokea. Mimi nisingelala.

Miaka ya sabini akawa kila mahali. Uganda ya Idi Amin, ambaye hawakuwa na undugu wowote, ni jina tu. 1980, dikteta akiwa amehepa na hakuna anayejua analala wapi, Mo na ripota wa BBC Brian Barron walimpata Saudi Arabia na kumhoji. Katikati ya hayo akashuti hija ya Maka na kuitolea kitabu, akatoa vitabu vya Ziwa Turkana na Kenya yetu, vile vikubwa vya picha ambavyo bado utavipata kwa rafu za maktaba na kwa sebule za wazee wenye doo. Kazi hakuijua mwisho.

Nyumbani nako? Alioa Dolly, wakapata kijana mmoja, Salim. Salim alipokua alitengeneza filamu kuhusu baba yake, Mo & Me, iliyotoka 2006. Ni filamu ya mapenzi lakini haifichi: baba alikuwa mtu wa kuja na kwenda, dunia nzima ilimjua kuliko kijana wake. Weka hiyo kwa mizani pia. Hizo picha zililipiwa na watu ambao hawakuwa kwenye picha.

Korem

Halafu ikaja 1984.

Ethiopia, upande wa kaskazini, Tigray na Wollo, mvua ilikuwa imekataa na vita vilikuwa vimekubali. Serikali ya Mengistu ilikuwa inapigana na waasi huko huko penye njaa ilikuwa inauma, na Septemba mwaka huo ilifanya sherehe kubwa Addis ya miaka 10 ya mapinduzi. Mapambo, gwaride, jukwaa. Waandishi hawakutakiwa kaskazini. Mashirika ya misaada yalikuwa yamepiga kelele miezi na miezi, lakini kelele ya karatasi haina macho.

Mo alijua watu Addis. Miaka yote ile ya kuzunguka ilikuwa imemjengea simu za kupiga na milango ya kubisha, na akabisha hadi kibali kikatoka. Oktoba akaingia kaskazini na Michael Buerk wa runinga ya BBC, na Mike Wooldridge wa redio, aliyekuwa akiripoti kutoka Nairobi.

Walifika Korem alfajiri. Mlima, baridi ya kukata mfupa. Nyinyi wa Nyeri mnaielewa hiyo baridi, ile ya Julai ukitoka nje saa kumi na moja pumzi inakuwa moshi. Sasa ifikirie hiyo baridi na makumi ya maelfu ya watu wamelala nje, wamejifunika matambara, hawajakula siku ngapi hawajui. Wakati jua linatoka, ukungu unapanda, na sauti ni ya kukohoa na kulia. Kila asubuhi waliokufa usiku wanapangwa mstari, wamefungwa kwa nguo.

Mo hakukimbiza kamera. Ukiona ile filamu leo, inaenda polepole. Inakaa na uso mmoja. Mama na mtoto, inangoja. Haizungukizungushi kutafuta kituko. Hapo ndipo nilianza kuona tofauti kati yake na mimi. Simu yangu Gatitu ilikuwa inatetemeka, inatafuta damu. Kamera yake ilikuwa inatafuta mtu.

Kanda zikafika Nairobi, Buerk akaruka nazo hadi London, na tarehe 23 Oktoba 1984 BBC ikazirusha. Marekani, NBC wakazichukua. Baadaye ilihesabiwa kwamba vituo 425 vya runinga duniani viliionyesha hiyo stori, na watu mamia ya milioni wakaiona. Kabla ya intaneti, wasee. Kabla ya mtu kusambaza kitu kwa kubonyeza.

Mwanamuziki mmoja wa Ireland, Bob Geldof, alikuwa ameketi kwake akaona. Novemba 25 akakusanya mastaa wa Uingereza studio, ikatoka singo ya Band Aid. Januari 1985 Michael Jackson na Lionel Richie wakakusanya wa Marekani. Julai 13, 1985 ikawa Live Aid, London na Philadelphia siku moja. Pesa zikamiminika, ndege za chakula zikaanza kutua.

Ni kweli kuna maswali mazito hapo. Msaada mwingine ulipindishwa na vita. Serikali ya Mengistu ilitumia njaa kuhamisha watu kwa nguvu. Na ile taswira ya Mwafrika kama mtoto mwenye tumbo kubwa na nzi usoni imetuganda hadi leo, na ilisaidiwa na hizo picha. Hayo yote yasemwe. Lakini pia isemwe kwamba kuna watu wazima leo, wako na watoto na wajukuu, ambao walikuwa Korem wamelala chini asubuhi ile, na walikula kwa sababu msee kutoka Eastleigh alikataa kibali kisikose.

Na kitu kimoja kinanichoma. Ripoti hiyo inajulikana duniani kwa sauti ya Buerk, na konsati kwa jina la Geldof. Mkono ulioshika kamera ulikuwa wa Mkenya. Wangapi tulifunzwa hilo shuleni?

Mkono

Mei 1991 Mengistu akahepa na waasi wakaingia Addis. Mo alikuwa hapo, bila shaka. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia 4 Juni, ghala la silaha likaanza kulipuka nje ya mji. Yeye na wenzake wakaenda kushuti. Mlipuko mwingine, mkubwa kuliko yote, ukawafikia.

John Mathai, Mkenya mwenzake, msee wa sauti, alikufa pale pale. Andikeni hilo jina mahali. Kameramani huwa hatajwi, na wa sauti hata kameramani humsahau. Mathai alikuwa amefungwa kwa Mo na waya wa maikrofoni kwa kazi ngapi, na stori nyingi za siku hiyo zinamtaja kwa sentensi moja tu.

Mo alipoteza mkono wa kushoto.

Sasa yeye ndiye alikuwa amelala kwa machela na watu wamesimama juu yake. Aliletwa Nairobi akiwa kwa hali mbaya. Fikiria kameramani bila mkono. Ni kama dereva wa nganya bila macho. Watu walifunga hesabu yake. Yeye akaenda Marekani akawekewa mkono wa mitambo, akafanya kamera irekebishwe imfae, na ndani ya miezi akarudi kazini. Hadi Addis alirudi, ule ule mji uliomkata. Sijui hiyo unaiita ujasiri ama ugonjwa. Labda ni vyote viwili.

Ndege ya Jumamosi

23 Novemba 1996. Jumamosi tena, kama ile ya Mboya. Mo na mwandishi Brian Tetley, aliyeandika maneno ya vitabu vyake vingi, walikuwa wamemaliza kazi Addis na wanarudi nyumbani. Ethiopian Airlines, safari namba 961, Boeing 767 ya kuja Nairobi. Watu 175 ndani.

Vijana watatu wa Ethiopia wakaiteka hewani. Walitaka iende Australia. Kapteni Leul Abate akawaeleza kwamba mafuta hayawezi kufika huko hata nusu, hawakutaka kusikia. Kwa masaa ndege ikafuata pwani ya Afrika kisha ikageuka baharini, mafuta yakiisha mosmos.

Waliopona wanasimulia kwamba Mo hakukaa kwa kiti. Alisimama. Alijaribu kuongea na watekaji, alijaribu kuwaamsha abiria wenzake wafanye kitu. Miaka 53, mkono mmoja. Mafuta yaliisha, injini zikanyamaza, na kapteni akajaribu kuishusha majini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro, mbele ya hoteli ya kitalii. Bawa likagusa maji, ndege ikavunjika. Watu 125 walikufa. 50 walipona. Mo na Tetley hawakuwa kati ya hao 50.

Na hapa ndipo nilishika kichwa, wasee. Ule mwisho uko kwa vidio. Watalii kutoka Afrika Kusini, wako kwa fungate, walikuwa ufuoni na kamera ndogo, wakaona ndege inashuka chini sana, wakashuti. Ile klipu imeonyeshwa dunia nzima, bado inazunguka hadi leo. Msee aliyeshuti vifo vya wengine maisha yake yote, chake kilishutiwa na mtu wa likizo.

Lakini angalia tena ufuoni. Wakati kamera moja inashuti, wengine, wenyeji wa Ngazija, wazamiaji, madaktari Wafaransa waliokuwa wamekuja kupumzika, waliruka kwa mashua na kuanza kuvuta watu kwa maji. Kwa hao 50 waliopona, kuna walioshikwa na hiyo mikono.

Koti la mzee

Salim Amin aliishika Camerapix, na ule mzigo wa picha za baba yake, nusu historia ya Afrika Mashariki, uko Nairobi. Sio makumbusho ya Ulaya. Nairobi.

Nimefikiria sana, na jibu langu halijakamilika. Mo hakuwa malaika. Aliingia kwa ambulansi ya mtu anayekufa. Alikosa nyumbani. Lakini alikuwa anajua picha ni ya nani na inaenda wapi, na hakuomba hatari ambayo yeye mwenyewe hangeibeba. Alilipia kwa siku 28, akalipia kwa mkono, na mara ya mwisho, ndani ya ile ndege, hatumkumbuki kwa picha aliyopiga. Tunamkumbuka kwa kusimama.

Mimi bado nashuti. Jumamosi iliyopita nilikuwa matanga huko juu ya Gatitu, na mathe wa marehemu akaanguka pale kaburini. Kamera ilikuwa inawaka. Niliiweka chini kwa nyasi, nikaenda kumshika. Familia haina hiyo sehemu kwa vidio yao, na hakuna aliyeniuliza iko wapi.

Na ile klipu ya nduthi? Nilikuwa nimeiweka mtandaoni, sekunde 42, ikapata watazamaji kuliko kitu chochote nimewahi kufanya. Niliifuta. Jamaa mwenyewe huwa tunapatana pale steji, anachechemea, ananisalimia vizuri. Hajui ni mimi. Wiki hii nimepanga kumwambia.